Maswali na Majibu: Mafumbo ya Algoriti na Uwezekano Katika Usaili

Safu ya toleo hili tumeitenga kwa ajili ya wasomaji wanaojiandaa na usaili wa kazi za programu na uchambuzi wa data. Barua zao zinatofautiana, lakini nyingi zinazunguka jambo lilelile: mtu amefanya mazoezi ya kutosha, anapewa fumbo linalofanana na aliyoyazoea, anajibu kwa kujiamini, na jibu linakataliwa bila maelezo. Tumechagua zile ambazo mwandishi wake ameeleza hatua alizopitia, kwa kuwa jibu tupu halitusaidii kujua mtu alipotelea wapi.

SWALI: Mhariri, niliulizwa hivi: sarafu isiyo na upendeleo inarushwa tena na tena. Kwa wastani itarushwa mara ngapi hadi vichwa viwili vifuatane? Na itarushwa mara ngapi hadi kichwa kifuatwe na upande wa namba? Nilijibu kwamba wastani huo lazima ulingane, kwa sababu kila mfuatano wa mirusho miwili una uwezekano wa robo. Msaili alitikisa kichwa na kwenda swali lingine. Kosa liko wapi?

JIBU: Robo uliyoitaja ni sahihi, ila inajibu swali ambalo hukuulizwa. Ukichagua mirusho miwili inayofuatana mahali popote, uwezekano wa kukuta KK au KN ni sawa, ambapo K ni kichwa na N ni upande wa namba. Msaili alikuuliza kuhusu muda wa kusubiri, na muda wa kusubiri unategemea kile kinachobaki mkononi mwako pale unapokosa.

Tuanze na KN. Kupata K ya kwanza kunahitaji mirusho 2 kwa wastani. Ukishaipata unasubiri N, na mrusho ukileta K nyingine hujapoteza chochote, kwa sababu bado umesimama na K moja, tayari kwa N itakayofuata. Kusubiri huko nako kunachukua mirusho 2 kwa wastani, na jumla ni 4.

Kwa KK hali ni nyingine. Ukiwa na K moja, mrusho unaofuata ukileta N, ile K imekwenda na unarudi mwanzo kabisa. Tuuite A wastani wa mirusho inayohitajika kuanzia mwanzo, na B wastani wa mirusho inayobaki pale ulipo na K moja. Kutoka mwanzo unahitaji mirusho 2 ili ufike kwenye K ya kwanza, hivyo A ni 2 kuongeza B. Kutoka hapo unatumia mrusho mmoja, kisha kwa nusu ya uwezekano umemaliza na kwa nusu nyingine umerudi mwanzo, hivyo B ni 1 kuongeza nusu ya A. Weka hili la pili ndani ya la kwanza: A ni 3 kuongeza nusu ya A, na kwa hiyo A ni 6.

Msaili makini haishii hapo. Atakuambia kwamba wachezaji wawili wanatazama sarafu moja, mmoja akisubiri KK na mwingine akisubiri KN, kisha atakuuliza ni nani mwenye nafasi kubwa ya kushinda. Aliyekariri 6 na 4 atamtaja wa KN papo hapo, na atakuwa amekosea. Hakuna anayeweza kushinda kabla K ya kwanza haijatokea, na ikishatokea, mrusho mmoja tu unaofuata ndio unaoamua. Nafasi zao ni nusu kwa nusu. Shindano humalizika baada ya mirusho 3 kwa wastani. Tofauti inakuja baada ya hapo. Aliyesubiri KN akishindwa bado ana K ya kuanzia na anahitaji mirusho 2 zaidi, ilhali aliyesubiri KK akishindwa hana kitu na anahitaji 6 kamili. Chukua 3, ongeza nusu ya 2, utapata 4. Chukua 3, ongeza nusu ya 6, utapata 6. Hesabu zinarudi zilezile kwa njia ya pili, na kwa maoni yangu anayeonyesha uhakiki wa namna hii mbele ya msaili amefanya kazi kubwa kuliko aliyetaja jibu kwa haraka.

SWALI: Nimetatua mafumbo mengi sana ya algoriti, lakini nikipewa ambalo sijawahi kuliona nakwama palepale. Je, niongeze idadi ya mazoezi?

JIBU: Nina shaka kwamba idadi itakusaidia ikiwa kila fumbo unalifunga mara tu unapoona suluhisho lake. Badala ya kuhifadhi njia, zoea kujiuliza swali moja kila mara: nikiwa nimekwisha kupitia sehemu ya data, ni kitu gani kidogo kabisa ambacho ni lazima nikikumbuke ili niweze kuendelea? Ndilo swali lilelile tulilolitumia kwenye sarafu hapo juu, ambako kilichotosha kukumbukwa ni kama mrusho uliopita ulileta K au la.

Chukua fumbo hili linaloulizwa mara kwa mara. Umepewa orodha ndefu ya namba, umehakikishiwa kwamba namba moja inachukua zaidi ya nusu ya nafasi zote, na unatakiwa kuitafuta kwa kupita orodha mara moja bila kuhifadhi hesabu ya kila namba. Aliyezoea jedwali la hashi, yaani muundo wa data unaohifadhi vitu ili vipatikane papo hapo bila kupekua orodha nzima, atalikimbilia, kisha ataambiwa kwamba kumbukumbu hiyo haipo. Mwaka 1981 Robert Boyer na J Strother Moore walionyesha kwamba vitu viwili vinatosha, yaani mgombea mmoja na kihesabio chake. Namba inayofanana na mgombea inapandisha kihesabio, isiyofanana inakishusha, na kihesabio kikiwa 0 namba inayofuata inakuwa mgombea mpya.

Ijaribu kwa mkono kwenye orodha ya 4, 7, 4, 4, 7, 9, 4. Namba 4 inaanza kuwa mgombea na kihesabio ni 1. 7 inakishusha hadi 0. Inakuja 4, inachukua nafasi iliyo wazi kwa 1, na 4 inayoifuata inakipandisha hadi 2. Kisha 7 inakirudisha kwenye 1, 9 inakifikisha 0, na 4 ya mwisho inaingia tena. Mgombea aliyebaki ni 4, na kweli imetokea mara 4 kati ya 7. Siri yake ni kwamba kila kihesabio kinaposhuka, ni kana kwamba umefuta jozi ya namba mbili zisizofanana, na namba yenye zaidi ya nusu haiwezi kumalizwa kwa kufutwa kijozi namna hiyo. Lakini angalia sharti: kama hukuhakikishiwa kwamba namba ya namna hiyo ipo, mgombea anayebaki anaweza kuwa amebaki kwa bahati tu, na ni lazima upite orodha mara ya pili ili umhesabu. Wasailiwa wengi huandika sehemu ya kwanza vizuri na kusahau hii.

Swali hilohilo la kumbukumbu linatatua fumbo la data zinazopita moja baada ya nyingine, bila kujua zitakuwa ngapi, ambapo mwishoni unatakiwa uwe umeshika moja iliyochaguliwa kwa usawa kati ya zote. Unachohitaji kukumbuka ni ile uliyoishika na idadi ya zilizokwisha kupita. Ya kwanza unaishika. Ya pili inachukua nafasi yake kwa uwezekano wa nusu, ya tatu kwa theluthi, ya nne kwa robo, na kuendelea. Zikiwa 5, ya tatu inabaki hadi mwisho kwa uwezekano wa 1/3 mara 3/4 mara 4/5, yaani 1/5. Jaribu nyingine yoyote kati ya hizo tano, utapata 1/5 vilevile.

SWALI: Niliambiwa niandike msimbo wa kuchanganya karata. Nilipita kila nafasi kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, na kila karata nikaibadilishana na karata ya nafasi yoyote iliyochaguliwa kwa bahati nasibu kati ya nafasi zote. Msaili alisema matokeo yake hayana usawa. Inawezekanaje, ikiwa kila uchaguzi ulikuwa wa haki?

JIBU: Hili ni miongoni mwa mafumbo ninayoyapenda zaidi, kwa sababu linakanushwa kwa kugawanya tu. Chukua karata 3. Msimbo wako unachagua mara tatu, na kila mara kuna nafasi 3 za kuchagua, hivyo kuna njia 27 zenye uwezekano sawa. Mipangilio ya karata 3 ni 6. Ili kila mpangilio upate haki yake, njia 27 zingepaswa kugawanyika kwa 6 bila baki, na hazigawanyiki. Ukiziorodhesha zote utakuta mipangilio mitatu inapata njia 5 kila mmoja, na mitatu mingine inapata njia 4.

Marekebisho ni madogo. Unapofika kwenye nafasi fulani, chagua kati ya nafasi hiyo na zile zinazofuata tu, usiziguse tena zilizokwisha kuamuliwa. Kwa karata 3 kuna machaguo 3, kisha 2, kisha 1, na zao lake ni 6, sawasawa na idadi ya mipangilio, kila mpangilio na njia yake moja. Ronald Fisher na Frank Yates waliieleza mbinu hii mwaka 1938 kwa kalamu na karatasi, na Richard Durstenfeld akaiandika kwa ajili ya kompyuta mwaka 1964. Kwenye usaili usitaje majina hayo kabla ya kueleza kwa nini njia 27 hazigawanyiki kwa mipangilio 6. Maelezo hayo ndiyo yanayopimwa.

SWALI: Kuna jengo la ghorofa 100 na mayai mawili yanayofanana. Natakiwa kutafuta ghorofa ya juu kabisa ambayo yai likidondoshwa halivunjiki, kwa majaribio machache iwezekanavyo hata bahati ikiwa mbaya. Nilipanda kumi kumi, nikapata majaribio 19. Msaili alisema inawezekana kupunguza.

JIBU: Kupanda kumi kumi kuna kasoro moja: yai la kwanza likivunjika mapema umetumia majaribio machache, na likivunjika karibu na kilele umetumia mengi, lakini kazi ya yai la pili ni ileile, hadi ghorofa 9 za kupitia moja moja. Ni bora hatua za yai la kwanza zipungue kadiri unavyopanda, ili jumla isibadilike popote litakapovunjika.

Geuza swali kabisa. Usiulize ghorofa 100 zinahitaji majaribio mangapi. Uliza majaribio fulani na mayai fulani yanatosha ghorofa ngapi. Jaribio moja likifanyika, yai likivunjika unabaki na yai pungufu moja na jaribio pungufu moja kwa ghorofa za chini, na lisipovunjika unabaki na mayai yote na jaribio pungufu moja kwa ghorofa za juu. Jumlisha sehemu hizo mbili pamoja na ghorofa uliyosimama. Kwa mayai mawili, majaribio 13 yanatosha ghorofa 91, na majaribio 14 yanatosha 105, kwa hiyo jibu ni 14. Unaweza kuanzia ghorofa ya 14, kisha 27, 39, 50, 60, na kuendelea, kila hatua ikipungua kwa moja. Ukiongezewa yai la tatu jibu linashuka hadi 9, na kanuni ni ileile bila kubadilisha hata neno. Hiyo ndiyo faida ya kuligeuza swali: aliyekariri 14 tu hana la kusema msaili anapoongeza yai.

SWALI: Fumbo la milango mitatu nimelielewa vizuri: nyuma ya mlango mmoja kuna gari, nyuma ya miwili kuna mbuzi, nimechagua mmoja, na mtangazaji akifungua mwingine wenye mbuzi ni bora nihame. Nilisema kwamba kuhama kunashinda kwa theluthi mbili, nikaambiwa “inategemea”. Inategemea nini?

JIBU: Inategemea kama mtangazaji alijua gari liko wapi na kama alilazimika kuonyesha mbuzi. Steve Selvin alilieleza fumbo hili mwaka 1975, na Marilyn vos Savant alipolijibu katika jarida la Parade mwaka 1990 alipokea maelfu ya barua za kumpinga, nyingine kutoka kwa wanahisabati. Alikuwa sahihi, kwa sharti hilo.

Sasa ondoa sharti. Tuseme mtangazaji hajui lolote, amefungua mlango kwa kubahatisha, na ikatokea kuna mbuzi. Kwa theluthi moja ulikuwa umechagua gari, na yeye hakuweza kukosa mbuzi. Kwa theluthi mbili ulikuwa umechagua mbuzi, na nusu ya nyakati hizo angefichua gari na kuharibu mchezo. Inabaki theluthi moja ambamo ameonyesha mbuzi. Theluthi dhidi ya theluthi, kuhama na kubaki ni sawa. Ulichokiona kwa macho ni kilekile katika hali zote mbili, ila namna ulivyokiona inabadilisha hesabu. Kabla ya kujibu fumbo lolote la uwezekano lenye mtu anayekupa taarifa, uliza taarifa hiyo ilichaguliwaje.

SWALI: Sarafu ikiwa na upendeleo ambao siujui, je, naweza kuitumia kupata matokeo ya nusu kwa nusu?

JIBU: Ndiyo. John von Neumann alitoa njia hii mwaka 1951: irushe mara mbili, KN ihesabu kuwa kichwa, NK ihesabu kuwa namba, na KK au NN zitupe uanze tena. Kwa upendeleo wowote ule, KN na NK zina uwezekano sawa, mradi mirusho haiathiriani. Gharama yake ni mirusho mingi, hata kwa sarafu ya haki ni 4 kwa wastani, na upendeleo ukizidi gharama inapanda haraka. Tarajia kuulizwa hilo.

SWALI: Ninapopewa fumbo huwa naanza kuandika msimbo mara moja ili nisipoteze muda, lakini mara nyingi naambiwa suluhisho ni la polepole mno. Nitajuaje mapema?

JIBU: Soma ukubwa wa data kabla ya kugusa kibodi. Ukiambiwa utafute namba mbili zenye jumla fulani katika orodha ya namba 100,000, kulinganisha kila jozi ni ulinganisho 4,999,950,000, na huhitaji kuandika mstari hata mmoja ili ujue kwamba hilo halikubaliki. Sema hesabu hiyo kwa sauti, kisha uliza unapokuwa kwenye namba moja unahitaji kujua nini kuhusu zilizopita: kama kijazio chake, yaani namba inayokamilisha jumla inayotakiwa, kilikwisha kuonekana. Jedwali la hashi linajibu hilo kwa kupita orodha mara moja. Ikiwa namba ni 200 tu, njia ya jozi zote inatosha, na ni busara kumwambia msaili hivyo.

SWALI: Je, bado wanauliza ni mipira mingapi ya gofu inayoweza kujaa ndani ya ndege?

JIBU: Mwaka 2013 Laszlo Bock, aliyekuwa akisimamia masuala ya watumishi katika Google, aliliambia gazeti la The New York Times kwamba maswali ya aina hiyo ni kupoteza muda, hayatabiri lolote, na humfanya tu msaili ajione ana akili. Nakubaliana naye. Ukiulizwa, taja makadirio yako na namna ulivyoyapata, usilitumie zaidi ya dakika chache.

SWALI: Nasikia kwamba utafutaji wa kugawa orodha nusu kwa nusu una kosa lililojificha hata katika programu zinazoaminika. Mimi natumia Python. Je, linanihusu?

JIBU: Kosa lenyewe liko kwenye kutafuta nafasi ya katikati kwa kujumlisha mwanzo na mwisho kisha kugawanya kwa 2. Katika lugha za programu ambazo namba nzima huhifadhiwa kwa biti 32, yaani nafasi 32 za 0 au 1, jumla ikipita 2,147,483,647 inageuka kuwa hasi na msimbo unakwenda mahali pasipokuwepo. Mwaka 2006 Joshua Bloch alieleza kwamba kosa hilo lilikaa ndani ya maktaba ya Java kwa takriban miaka tisa bila kugunduliwa, kwa sababu linahitaji orodha kubwa mno ili lijitokeze. Tiba yake ni kuchukua mwanzo na kuongeza nusu ya umbali hadi mwisho. Python huikuza namba nzima kadiri inavyohitajika, kwa hiyo katika orodha ya kawaida hutaliona. Ukihifadhi nafasi hizo kama namba zenye biti 32 za NumPy, maktaba ya Python ya hesabu, linarudi.